Uzi maalumu: Kwenda na mbwa ufukweni Uingereza. Holkham, Norfolk, na yale ya kujua kabla hujafunga safari

#1 Mwana wa Pangani

Wakuu, habari za majukumu. Kwenye ule uzi wa maisha ya Uingereza swali hili linarudi kila joto likianza: ni ufukwe gani mtu anaweza kwenda na mbwa wake asifukuzwe wala asipigwe faini? Majibu huwa ya juu juu, "nenda Norfolk", "nenda Cornwall", basi. Nimeona nifungue uzi wake. Naishi Peterborough, nina familia na mbwa wa aina ya spaniel tuliyemchukua kituo cha mbwa waliokosa wenyewe, na ufukwe tunaoupenda kuliko wote ni Holkham.

Kwanza eleweni kwamba hakuna sheria moja ya nchi nzima kuhusu mbwa na fukwe. Kila halmashauri inatunga amri yake chini ya sheria ya mwaka 2014 ya kudhibiti kero kwa jamii. Wengine wanazuia mbwa kuanzia 1 Mei hadi 30 Septemba, wengine wanaanzia Pasaka, wengine wanazuia mchana tu, yaani ukifika alfajiri au jioni unaruhusiwa. Na mara nyingi ufukwe mmoja unakatwa vipande: kuanzia ngazi hizi hadi ukuta ule hakuna mbwa, kuvuka hapo ruksa. Faini ya papo hapo kwa kawaida haizidi pauni 100, lakini ukigoma kulipa ukafikishwa mahakamani inaweza kufika pauni 1,000. Mbwa wa kuwaongoza wasioona na wengine wanaosaidia wenye ulemavu kwa kawaida hawaguswi na katazo hilo.

Kwa hiyo anayekwambia "ufukwe fulani unaruhusu mbwa" bila kukutajia mwezi, saa na kipande, hajakusaidia.

Sasa Holkham. Uko pwani ya kaskazini ya Norfolk, kwenye barabara ya A149 kati ya Hunstanton na Wells-next-the-Sea. Ni hifadhi ya taifa ya viumbe, na ardhi ni ya shamba kubwa la ukoo wa Coke, wenye cheo cha Earl of Leicester ingawa wako Norfolk na si Leicester. Jumba lao, Holkham Hall, lilianza kujengwa 1734, liko upande wa pili wa barabara. Unaingia kwa njia iliyonyooka inayoitwa Lady Anne's Drive, unalipia kuegesha kulingana na muda utakaokaa, kuna mkahawa na vyoo, halafu unaanza kutembea.

Kutembea huko ndiko kunakonifanya niandike uzi mrefu namna hii. Unapita kwanza msitu wa misonobari. Ilipandwa karne ya 19 makusudi, ili ishike matuta ya mchanga yasihamie kwenye mashamba yaliyotwaliwa kutoka baharini. Ndani ya msitu upepo unatulia na harufu ya utomvu inakujaa puani. Ukitoka upande wa pili, kabla ya bahari, unakuta uwanda mpana wa mchanga uliojipinda kama bakuli, na maji yakiwa yamekupwa, bahari yenyewe ni mstari tu mbali kule. Mimi nimekulia Pangani, nimeona fukwe, na bado upana ule unanifanya nisimame. Mbwa akifunguliwa pale anakimbia duara kubwa mpaka anakuwa nukta.

Lakini hafunguliwi popote wala wakati wowote. Mbwa wanaruhusiwa Holkham mwaka mzima, ila kuanzia Aprili hadi mwisho wa Agosti ndege wanataga chini, juu ya mchanga mtupu: buabua wadogo, vitwitwi, na yule ndege mweusi na mweupe mwenye mdomo mrefu mwekundu. Hawajengi kiota cha kuonekana. Yai linafanana na kokoto, na kinda akitishwa hakimbii, anajilaza. Mbwa hana haja hata ya kumng'ata. Akipita tu, mama anaruka, mayai yanapoa au shakwe wanayadaka. Kwa hiyo sehemu hizo zinazungushiwa kamba na vibao, haingii mtu wala mbwa, na maeneo ya jirani mbwa anakuwa kwenye kamba. Kwenye malisho yenye ng'ombe nyuma ya msitu pia ni kamba wakati wote.

Naomba sana hili tulizingatie. Buabua wadogo wa Uingereza wanarudi kila mwaka kutoka pwani ya Afrika Magharibi kuja kutaga kwenye fukwe chache tu zilizobaki tulivu. Ndege ametoka mbali kote huko, anafika Norfolk, halafu mayai yake yanaharibiwa na mpira wa tenisi tuliorusha sisi. Hapana.

Msimu ninaoupendekeza ni kuanzia Septemba na kuendelea. Vizuizi vingi vinakwisha, magari yanapungua, maji bado hayajapoa kabisa.

Karibuni, ulizeni na mwongeze.

#2 Binti Forodhani

Assalaam alaykum. Kaka Mwana wa Pangani, ahsante kwa maelezo, ila mimi nauliza kutoka upande wa pili. Niko Leicester, nina watoto watatu, sisi hatufugi mbwa wala hatumgusi. Watoto wanalilia bahari. Kila ufukwe tuliokwenda mbwa wanakuja mbio wameroa, wanajikung'uta karibu na mkeka wetu, na wenyewe wanacheka wanasema hana neno, anacheza tu. Kwao hana neno. Kwangu mimi ni nguo za kusalia, ni chakula. Mwaka jana tulirudi kabla hata ya kufungua sambusa. Je, ufukwe kama huo una nafasi kwa watu kama sisi au tuache tu?

#3 Mwana wa Pangani

Waalaykum salaam dada. Msiache. Swali lako ni zuri, na pengine wanaolihitaji hapa ni wengi kuliko wanaofuga.

Ile ramani ninayoisoma mimi kutafuta pa kwenda na mbwa, wewe isome kutafuta pasipo na mbwa. Ni kibao kile kile. Halmashauri ikiandika kwamba kipande fulani hakuna mbwa Mei hadi Septemba, hicho ndicho kipande chenu, na mbele ya sheria mko na haki nacho. Vipande hivyo mara nyingi ndivyo vizuri zaidi kwa watoto pia: viko karibu na vyoo, na vingi vina waokoaji. Kwa hiyo ninyi nendeni Juni, Julai, Agosti kwenye ufukwe wa mji wenye katazo. Mimi na mbwa wangu tuje Oktoba.

Holkham kwa kiangazi sikushauri kwa familia isiyotaka kabisa kukaribiana na mbwa. Wapo wengi, hasa njia ya kutoka maegesho. Lakini uwanda ni mpana, ukitembea robo saa kutoka watu wanapotokea msituni, unabaki na nafasi kubwa. Wenye mbwa wengi hawafiki mbali.

#4 Abuu Salha

Nimsaidie dada kidogo kwenye upande wa fiqhi, maana wengi wetu wa pwani tumelelewa kwenye madhehebu ya Shafi. Kwetu mate ya mbwa na maji yaliyomo mwilini mwake ni najisi nzito, kinachoguswa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini kanuni inayosahaulika ni kwamba kikavu kikigusa kikavu najisi haihami. Mbwa mkavu akipita akagusa kanzu kavu, hakuna kilichoharibika. Tatizo ni huyo aliyeroa. Na wenzetu wa Maliki wanamhesabu mbwa aliye hai kuwa tohara, ndiyo maana utamwona ndugu kutoka Afrika Magharibi au Morocco hana wasiwasi huo. Kwa undani muulize sheikh wa msikiti wako.

Sisi tunabeba nguo za kusalia kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na mkeka wa kusalia tunautandaza kule msituni, si ufukweni. Holkham misonobari inakupa kivuli na utulivu. Kibla kutoka Uingereza ni kusini mashariki, ukiwa pale bahari inakuwa nyuma yako.

#5 Binti Forodhani

Allah akulipe kheri. Hilo la msituni sikuwa nimelifikiria.

#6 Mwanamvita

Wazee kwa shangazi, salamu kutoka Milton Keynes. Mimi kijana wangu ana miaka sita na anaogopa mbwa vibaya sana, huko Mombasa alifukuzwa na mbwa wa mlinzi. Akiwaona hapa anapiga nduru na kukimbia, na akikimbia ndipo mbwa anamfuata. Mwenye mbwa anamwangalia mtoto kana kwamba ndiye mkosaji. Sheria inasemaje hapo?

#7 Mwana wa Pangani

Pole kwa kijana. Sheria iko upande wenu kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya mbwa hatari ya 1991 inasema ni kosa mbwa kuwa nje ya udhibiti kwa namna ya hatari, na hiyo inajumuisha hali ambayo mtu ana sababu ya msingi ya kuogopa kwamba atajeruhiwa. Si lazima awe ameng'atwa. Hiyo haina maana kila mbwa anayekimbia ni kesi ya polisi, lakini "hajamuuma mtu" si jibu la kutosha, na mwenye mbwa anajua hivyo. Tangu 1 Februari 2024 mbwa wa aina ya XL Bully haruhusiwi kufugwa bila cheti maalumu, na hadharani lazima awe kwenye kamba na amefungwa mdomo.

Kwa vitendo: mfundishe kijana kusimama kama mti. Miguu pamoja, mikono imekunjwa kifuani, macho yaangalie pembeni, kimya. Mbwa wengi wanafuata kinachokimbia na kinachopiga kelele. Kilichosimama kinawachosha upesi. Fanyeni mazoezi nyumbani, mmoja wenu awe mbwa. Na wewe mzazi mwambie mwenye mbwa mapema, akiwa bado mbali, kwa sauti ya kawaida: mtoto wangu anaogopa, tafadhali mfunge kamba. Wengi wanafunga hapo hapo. Mimi nikiona tu mtoto amejificha nyuma ya mama yake namfunga wangu bila kuambiwa, na natamani kila anayefuga afanye hivyo.

#8 Nahodha wa Kizimkazi

Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba. Nimesoma yote, naona mmezungumza mbwa na ndege, maji bado. Nami nimeishi na bahari toka utoto, sasa niko Great Yarmouth, acheni niseme.

Norfolk maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku kama kwetu, na kila siku saa inasogea mbele karibu dakika hamsini. Bamvua, yaani maji makubwa, ni mwezi mpya na mwezi mpevu, sawa na Unguja. Pwani hiyo ya kaskazini, siku za bamvua maji huwa juu asubuhi mapema na jioni, mchana yamekupwa kabisa. Ndiyo maana mgeni anayefika saa sita anaona mchanga mpaka upeo wa macho na kudhani ndivyo ulivyo siku zote.

Mchanga ule si tambarare. Una mabonde na mahori ambayo macho hayayaoni yakiwa makavu. Maji yanaporudi hayaji mbele yako kama wimbi la kupiga picha. Yanapitia kwenye mahori, yanakuzunguka nyuma, wewe uko juu ya fungu la mchanga unamrushia mbwa mpira, ukigeuka kati yako na nchi kavu kuna mto. Pale Wells, jirani na Holkham, kuna king'ora kinacholia maji yanapoanza kujaa. Kikilia, ondoka kwenye mafungu ya mchanga wakati huo huo, usimalize mchezo.

Na jambo la pili, nalisema kwa uchungu. Mbwa akichukuliwa na maji, usimfuate. Waokoaji wa RNLI, shirika la kuokoa watu baharini, wanalirudia hili kila mwaka kwa sababu mara nyingi mbwa anatoka mwenyewe mbele kidogo, na anayezama ni mtu. Nenda sehemu ambayo anaweza kupanda, mwite. Kisha piga 999, namba ya dharura, waombe walinzi wa pwani. RNLI ipo tangu 1824, inaishi kwa michango, na mabaharia wake wengi ni watu wa kujitolea, wanaacha chakula mezani kuja kukutoa. Wapigieni mapema, msione haya.

#9 Mwana wa Pangani

Marahaba... samahani mzee wangu, shikamoo Nahodha. Ahsante sana, hapo umegusa penyewe. Sisi tuliokulia pwani tunajiamini kupita kiasi mbele ya bahari ya Uingereza. Tunajua kuogelea, ndiyo, lakini tumejifunza kwenye maji ya nyuzi 27 au 28. Hapa Norfolk mwezi Agosti ni kama 16 au 17, na Februari ni 5 au 6. Mwili ukitumbukia ghafla kwenye baridi hiyo unavuta pumzi bila hiari yako, na kama mdomo uko chini ya maji umekwisha. Ushauri wa RNLI ni kulala chali, masikio ndani ya maji, kuelea hadi pumzi itulie, ndipo uamue uogelee au uombe msaada. Wafundisheni watoto hilo bwawani kabla ya safari.

Agosti 2016, pale Camber Sands, Sussex, vijana watano kutoka London walikufa siku moja. Ufukwe mzuri, wa mchanga, tambarare, siku ya jua. Si mawimbi makubwa yaliyowaua.

#10 Kinara TZ

Wakuu niko zangu Mbezi, nasoma tu. Sijaelewa jambo moja. Mbwa ni mlinzi wa nyumba, mnamnunulia tiketi, mnamtafutia ufukwe, mnasoma ramani. Nguvu yote hiyo kwa ajili ya nini?

#11 Mwana wa Pangani

Swali halali mkuu. Tiketi hatununui, kwenye treni za Uingereza abiria anaruhusiwa mbwa wawili bure, mradi wako kwenye kamba na hawakai kwenye viti. Ila nakuelewa.

Mbwa wa Mbezi analala nje, ana uwanja, ana kazi ya usiku. Mbwa wa hapa anakaa ndani ya nyumba yenye bustani ndogo, mwezi wa Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Asipotolewa anaugua, anatafuna milango, anabweka mpaka jirani anapeleka malalamiko. Kumtembeza ni wajibu, kwa jua na kwa mvua. Na kwa mgeni kwenye nchi hii kuna faida ambayo sikuitarajia: tuliishi mtaa mmoja muda mrefu bila kujua jina la jirani, tangu tuwe na mbwa wananisimamisha njiani, tunaongea. Wazee wanaoishi peke yao hasa. Kuna mzee wa mtaa wetu, mjane, safari zetu mbili tatu za Holkham amekuja nasi, anakaa kwenye kiti cha kukunja kule msituni tunampelekea chai. Mke wangu anamwita babu, na anaitika.

#12 Daktari wa Mifugo Mtarajiwa

Habari zenu. Nasoma uuguzi wa wanyama huku Uingereza, niongeze ya afya.

Bebeni maji matamu mengi na bakuli. Mbwa anayekimbia ufukweni anakunywa maji ya bahari bila kujali, na chumvi inamletea kutapika na kuhara. Akinywa mengi inafika kwenye ubongo, ni dharura. Akirudia kuokota mpira uliojaa mchanga naye anameza mchanga kidogo kidogo mpaka unaziba utumbo, kwa hiyo mpira wa kamba au wa kuelea ni bora, na pumzikeni.

Angalieni mabonge meupe au ya manjano kama nta yaliyotupwa na bahari, hasa baada ya dhoruba. Mara nyingi ni mafuta ya mawese yaliyomwagwa na meli. Kwetu ni kitoweo, lakini haya yamekaa baharini yakachanganyika na uchafu, na mbwa wanayapenda kwa harufu. Yamewahi kuua mbwa. Akila, mpeleke kwa daktari bila kusubiri dalili.

Kwenye matuta na vichaka kuna nyoka mmoja tu wa sumu nchini hapa, mdogo, ana mchoro wa zigizaga mgongoni. Anaota jua masika na kiangazi. Mbwa akigongwa, kwa kawaida puani au mguuni, mbebe, asitembee, nenda kwa daktari. Na watu wanaokanyaga maji ya kina kifupi bila viatu wajue kuna samaki mdogo anayejifukia mchangani na kuacha miiba ya sumu juu. Maumivu ni makali, dawa yake ni kuuloweka mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa hivi.

Mwisho, gari. Siku ya nyuzi 22 tu gari lililofungwa linakuwa jiko. Usimwache mbwa humo hata kama unakwenda kununua chipsi tu.

#13 Mwana wa Pangani

Ahsante sana, hii ningeomba kila mwenye mbwa aihifadhi. Niongeze sili, yule mnyama wa baharini anayepanda mchangani: mwambao huo una sili wengi, Blakeney Point ni kituo chao kikubwa na wanazaa kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Januari. Ukimwona kinda mweupe peke yake mchangani hajaachwa, mama yuko majini. Mfunge mbwa, rudi nyuma, zunguka mbali. Sili anang'ata vibaya, na mama akiogopa anaweza asirudi.

#14 Mtoto wa Kigamboni

Kaka, nina maswali mawili. Jirani yangu Mwingereza anataka nikae na mbwa wake wikendi mbili kwa malipo, nimpeleke hata huko ufukweni. Inaruhusiwa? Na mimi sina gari, niko London.

#15 Mwana wa Pangani

Kumtembeza mbwa kwa malipo hakuhitaji leseni ya serikali, ingawa bima ni muhimu. Kumlaza kwako kwa malipo kama biashara ndiko kunakohitaji leseni ya halmashauri, chini ya kanuni za 2018. Ukimsaidia jirani bila kulipwa ni jambo lingine. Waulize halmashauri yako kabla ya kupokea hela. Hakikisha pia ana mkanda shingoni wenye kibati cha jina na anwani ya mwenye mbwa, ni sheria akiwa hadharani, na chipu chini ya ngozi ni lazima tangu 2016. Beba mifuko ya kinyesi, na ukishaokota usiuning'inize mfuko kwenye mti kama wafanyavyo wengine. Misonobari ile imejaa vimifuko, inanitia hasira kila nikipita.

Usafiri: treni kutoka King's Cross hadi King's Lynn, chini kidogo ya saa mbili. Pale panda basi namba 36 la pwani linalopita Hunstanton kwenda Wells, ushuke kijiji cha Holkham, halafu utembee Lady Anne's Drive kama kilomita moja. Ndani ya basi mbwa ni kwa hiari ya dereva, msalimie vizuri kwanza. Kaa upande wa kushoto uone bahari na vinamasi. Usiende na jiko la kuchomea nyama. Moto hauruhusiwi kwa sababu ya msitu. Chapati na chai ya chupa zinatosha.

#16 Mwanamvita

Na watoto wasiopenda kuoga maji baridi wafanye nini?

#17 Mwana wa Pangani

Waende gatini Wells. Watoto wanavua kaa kwa uzi na kijiwavu, ndoo pembeni. Wenyeji wanatumia kipande cha nguruwe kama chambo, ninyi wekeni kichwa cha samaki, kaa hachagui. Ndoo iwe na maji ya bahari, wasizidi wachache, na mkimaliza muwarudishe wote majini. Chipsi zishikeni vizuri, shakwe wa pale wanashuka kwa nyuma.

#18 Binti Forodhani

Na nje ya Norfolk? Nina dada yuko Newcastle na shemeji Liverpool.

#19 Mwana wa Pangani

Wa Newcastle aende Bamburgh, Northumberland. Mchanga mrefu, ngome juu ya mwamba, mbwa mwaka mzima. Mbele kuna visiwa vya Farne, ambako mwaka 1838 Grace Darling, binti wa mlinzi wa mnara wa taa, na baba yake walipiga makasia kwenye dhoruba kuokoa watu wa meli iliyovunjika. Kaburi lake liko Bamburgh na kuna makumbusho. Kwenu msiotaka mbwa, sipaweki mbele, ila upana unasaidia.

Wa Liverpool ana Formby. Matuta makubwa, msitu wenye kindi wekundu, humo mbwa ni kamba. Maji yakikupwa, wakati mwingine zinatokea nyayo za watu na wanyama wa maelfu ya miaka iliyopita kwenye matope yaliyokauka. Lakini kuna sehemu za tope laini, wasiende mbali kufuata maji.

Upande wa Somerset, Brean na Weston, Nahodha atueleze.

#20 Nahodha wa Kizimkazi

Huko ni mdomo wa mto Severn. Bamvua ya Unguja maji yanapanda mita nne. Severn yanaweza kupanda hadi mita kumi na nne, kati ya makubwa kabisa duniani. Yakikupwa yanaacha tope la kumeza mtu hadi kiunoni, na yakirudi yanarudi na mwendo. Tembeeni kwenye mchanga wa juu, mbwa pia. Aliyenasa asijivute kwa nguvu, aegemee nyuma, atandaze uzito, apige 999. Anayeona mwenzake amenasa asimfuate.

#21 Mtoto wa Kigamboni

Nimemuuliza jirani, amekubali bila malipo, ananikatia tiketi ya treni. Tunaangalia Jumamosi ya pili ya Oktoba. Maji yatakuwaje?

#22 Mwana wa Pangani

Angalia jedwali la maji la Wells siku mbili kabla, linapatikana bure mtandaoni. Fika yakiwa bado yanakupwa, geuka kurudi kabla hayajaanza kujaa. Vaa koti la upepo, ufukwe unaangalia kaskazini. Na usiondoke mapema: kuanzia Septemba mabata bukini wa miguu ya waridi wanaingia kutoka Iceland na Greenland, jioni wanapita juu ya msitu kwa maelfu kwenda kulala. Mbwa wa jirani mshike kamba hapo, na wewe simama upande wa malisho, karibu na maegesho, ndiko wanakopita chini zaidi.